Uyoga Juu ya Jiko

Sehemu ya kumi na moja

Wiki jana tulimwacha Vumilia amesimama na mgongo ukutani, Daktari Sostenes ameshika kopo la unga wa uyoga, na swali moja limetupwa katikati ya wodi: nani ametengeneza hii dawa? Tulimwacha pia mumewe, Makoye, akianza kuinua kidole.

Wiki nzima mmenitumia ujumbe. Msomaji mmoja wa Kahama anasema Vumilia ni mchawi na nimmalize katika sehemu hii hii. Mama mmoja wa Samuye ameniandikia nisithubutu. Nimewasikia wote wawili. Kaeni basi tuendelee, maana kidole cha Makoye hakikwenda pembeni.

"Ni huyu," alisema. "Mke wangu."

Kwa wewe uliyenunua gazeti leo kwa mara ya kwanza, sitakuacha njiani. Mgonjwa ni Mbuke, mama yake Makoye, mjane wa kijiji cha Didia, mwenye kisukari mwaka wa nane huu. Alihamia kwa mwanawe hapa Geita mjini, mtaa wa Kalangalala. Vidonge alimeza, lakini sukari ilikuwa haitaki kushuka. Ndipo mkamwana wake Vumilia, Msumbwa wa Mbogwe, akaagiza kwao ule uyoga mgumu unaoota kwenye magogo ya miti iliyokufa, mwekundu juu kama umepakwa vanishi. Miezi mitano akamchemshia mkwewe asubuhi na jioni, na vidonge vikaendelea palepale. Kipimo kikasoma kumi na tisa, kikasoma kumi na nne, kikasoma tisa, mwisho kikasoma sita. Jumapili Mbuke alisimama kanisani kumshukuru Mungu kwa kumponya kwa mkono wa mkamwana. Akaanguka kabla hajarudisha kipaza sauti.

Sasa uko sawa na wenzako. Turudi wodini.

 Mama wa kitanda cha pili aliyekuwa akimenya chungwa alisimamisha kisu.

Vumilia hakukana. Alisema kwa sauti ya chini kwamba dawa ni yake na aliitoa kwa nia njema. Makoye akamvamia kwa maneno. Alimkumbusha kwamba amekaa miaka sita nyumbani kwake bila kumletea mtoto, na leo anamwondolea na mama. Maneno ya namna hiyo, msomaji wangu, yakishatoka hayarudishwi, na yakitoka mbele ya wodi nzima ni mabaya mara mbili.

Daktari alimtoa Makoye nje. Akamwambia aende kutafuta gari la kumpeleka mama Mwanza kwenye mashine ya kusafisha damu, kwa sababu kelele hazijawahi kumtibu mtu. Makoye aliondoka mikono inamtetemeka. Wote walidhani ni hasira.

Daktari akavuta pazia la kitanda. Mbuke alikuwa amelala chali, uso umevimba, macho amefumba. Vumilia aliuliza jambo moja tu: kama sukari ilishuka vizuri mpaka sita, mama amepatwa na nini?

"Hiyo sita ndiyo iliyowadanganya," daktari alisema. "Vidonge vya sukari vikimaliza kazi, figo ndizo zinazovitoa mwilini. Figo zikichoka, vidonge vinabaki humo humo na vinaendelea kushusha. Nyumbani mnaona namba nzuri. Kumbe figo zinakufa. Jumapili ilikuwa imeshuka mpaka mbili."

Vumilia alikaa chini, pale pale sakafuni. Miezi mitano alikuwa akiziandika zile namba kwa mkaa kwenye mlango wa jikoni, moja chini ya nyingine. Siku waliyosoma tisa walipiga vigelegele. Siku waliyosoma sita Makoye alichinja kuku. Walikuwa wakiushangilia ugonjwa ukimmaliza mama yao, na hakuna aliyejua. Mimi mwenyewe imeniuma kuliandika hili.

Najua msomaji wa Kahama atakavyosema: basi uyoga ndio ulioua figo. Vumilia naye alifikiri hivyo hivyo, na aliuliza.

Daktari Sostenes si mtu wa kudharau vitu vya porini. Alikulia Biharamulo kwa bibi aliyemlisha mboga ya uyoga masika yote. Alimwambia wapo wataalamu wanaouchunguza uyoga huo kama unawasaidia wenye sukari, ila yeye hawezi kuuita dawa kabla hawajamaliza, wala asingemshauri mtu autegemee. Lakini alikuwa hajaona mgonjwa wake hata mmoja akiharibika figo namna hii kwa uyoga wa magogo. Akataka aelezwe tangu mwanzo, hatua kwa hatua, bila kuruka kitu.

Vumilia akaeleza. Mama yake mzazi, Paskalia, ndiye anayeuchuma, na huutuma kwa basi ukiwa bado mbichi kwenye kikapu. Yeye huupangusa kwa kitambaa, huukata vipande vyembamba, kisha huupanga kwenye kichanja juu ya jiko. Kwa Paskalia uyoga hauanikwi juani. Hukaa juu ya moto siku kumi, unakula moshi taratibu mpaka mdudu hausogelei, kisha husagwa unga. Ndivyo alivyofundishwa na mama yake, na mama yake na bibi yake. Juu hufunika sinia jeupe la enameli ili masizi ya darini yasidondokee.

"Jiko la kuni?" daktari aliuliza.

"La mkaa."

"Mnapikia chakula tu?"

Vumilia alifungua mdomo aseme ndiyo. Haikutoka.

Mnaonifuata tangu sehemu ya kwanza mnalijua lile jiko. Makoye hachimbi, anachoma. Wachimbaji wa maduara, yaani mashimo ya dhahabu, wakishasaga mwamba wao na kuikamata dhahabu kwa zebaki, humletea donge jeupe limefungwa kwenye kitambaa. Makoye huliweka kwenye kikaango kidogo cha chuma, hukiweka juu ya mkaa, hupuliza. Zebaki inapaa, dhahabu inabaki. Nje hawezi kuchomea kwa sababu ya wezi. Huchomea jikoni, mlango umefungwa, juu ya jiko lile lile, chini ya kichanja kile kile.

Kwa Paskalia kule Mbogwe moshi wa jikoni ni moshi wa kuni. Vumilia aliihamisha desturi ya kwao akaileta Kalangalala nzima nzima, na hakuwahi kufikiri kwamba huku moshi ni mwingine.

Alimweleza daktari kwa maneno machache. Daktari akakaa kwenye kiti, akauliza kuhusu fizi, kuhusu mikono, kuhusu ladha ya chakula. Kila alichouliza kilikuwepo. Tangu mwezi wa tatu wa kunywa uyoga Mbuke alikuwa analalamika kwamba uji una ladha ya sarafu. Fizi zilimuuma. Kuingiza uzi kwenye sindano kulimshinda, akawa anamwita Vumilia. Na wote walisema ni sukari, maana mwenye sukari hata akijikwaa huambiwa ni sukari.

"Sijathibitisha," daktari alisema. "Figo za mwenye kisukari zina maadui wengi, na miaka minane si michache. Nitatuma mkojo ukapimwe. Majibu yatachukua siku kadhaa." Kisha akauliza: "Wakati wa kuchoma, yeye alikuwa wapi?"

Hapo ndipo Vumilia alipolia.

Mbuke alikuwa humo ndani. Alikuwa na kigoda chake kando ya jiko. Makoye ni mtu wa kutwa nzima mjini, simu mbili, watu wanamvuta huku na huku. Saa ya kuchoma ndiyo pekee mama aliyompata mwanawe ametulia mahali pamoja. Alimsimulia habari za Didia, ng'ombe wa marehemu baba yake walivyokuwa na majina, nani ameoa na nani amefiwa. Mara nyingine alicheka mpaka akakohoa. Vumilia alikuwa akiwasikia kutoka ndani na moyo wake ukitulia, maana nyumba ambayo mama na mwana wanacheka ni nyumba.

Daktari alisimama, akasema Makoye akirudi atamweleza mwenyewe.

"Hapana."

Sauti ilitoka kitandani. Mbuke alikuwa amefumba macho tu, masikio hayakuwa yamelala. Alikuwa amesikia yote, kuanzia figo mpaka kigoda.

"Daktari," alisema, "huu ugonjwa ni wangu au wa mwanangu?"

"Ni wako, mama."

"Basi na siri yake ni yangu."

Daktari Sostenes alitaka kubishana, akamwangalia usoni, akaacha. Alisema atanyamaza kuhusu ugonjwa wake mpaka majibu yatoke. Ila siku hiyo hiyo atampigia Makoye kumkataza kuchomea ndani, kwa sababu walio nyumbani nao wana figo. Mbuke akasema hilo ni sawa. Akaomba aachwe na mkamwana wake.

Vumilia alisogea, akapiga magoti kando ya kitanda.

"Ng'wanawane," Mbuke alimwita, yaani mwanangu, "unamjua Makoye. Ndama wa baba yake alipoliwa na fisi, alikuwa na miaka kumi na moja. Alidhani ni yeye aliyesahau kufunga zizi. Alikaa miezi miwili hasemi. Kwa ndama." Akapumzika kidogo. "Sasa huyu akijua ni moshi wake uliomla mama yake, atabaki na nini?"

Vumilia aliinamisha kichwa kwenye shuka.

"Sema ni uyoga. Wakikuuliza, sema ni uyoga. Uyoga hauna moyo wa kuumia."

"Na mimi, mayu, mama yangu?"

Mbuke alifumbua macho, akamtazama. Hakuwa mjinga, alijua anachoomba. Alijua kwamba Didia kuna mawifi na kikao cha ukoo, na alijua mwanamke asiye na mtoto, akisemwa ameua kwa dawa, huitwa jina gani. Machozi yalimtoka yakashuka kuelekea masikioni kwa kuwa alikuwa chali.

"Wewe nitakutetea mimi," alisema. "Nikipona, nitakutetea."

Wote wawili walijua hatapona. Vumilia akashika ule mkono uliovimba, akaahidi.

Naona tayari mnaguna. Mtasema mwanamke gani huyu anayejifunga kitanzi mwenyewe. Ngojeni niwakumbushe. Miaka mitano ya kwanza ya ndoa ile Mbuke alikuwa hali chakula cha Vumilia. Akija kutembea alikuja na michembe yake, viazi vitamu vilivyokaushwa, kwenye mfuko, akaichemsha mwenyewe, akala mwenyewe. Alikuwa hamwiti kwa jina, alimwita "huyu wa Makoye". Kikombe cha kwanza cha uyoga ndicho kilichovunja ukimya huo. Alikunywa, akakunja uso kwa uchungu wake, akasema, "Wabeja, Vumilia." Asante, na jina lake. Mtu aliyenyimwa neno jema miaka mitano, akipewa moja, hulilipia kwa chochote alichonacho.

Jumanne Mbuke alipelekwa Mwanza. Makoye alikwenda naye pamoja na mdogo wake Deusdedit. Vumilia hakuruhusiwa kupanda gari.

Alibaki Kalangalala na akafanya jambo ambalo ningekuwa mimi ningelifanya pia, na ndilo lililommaliza. Unga ule alikuwa amewagawia wanawake watano, wengine wa kanisani, mmoja jirani. Alizunguka nyumba kwa nyumba kuurudisha. Hakuweza kueleza moshi bila kumtaja mumewe, kwa hiyo alisema tu kwamba dawa imeharibika. Alimsihi kila mmoja ampeleke mgonjwa wake hospitali akapimwe figo, asikae hata siku mbili. Yasmini, muuza vitenge wa nyumba ya tatu ambaye mumewe ndiye aliyekuwa akiitumia, alimuuliza imeharibikaje. Vumilia alimwomba amsamehe, akapokea pakiti, akaondoka.

Kuichoma hakuthubutu, sasa aliuogopa moto. Alichimba shimo refu nyuma ya choo, akafukia pakiti zote na unga uliobaki nyumbani.

Haya, niambieni. Mtengeneza dawa anapita kuikusanya dawa yake, anawaambia walioinywa wakapime figo, kisha anaonekana na jembe nyuma ya choo. Nyie mngefikiri nini? Kufikia saa kumi mtaa ulikuwa umeshahukumu.

Alimpigia Makoye simu Mwanza. Alimuuliza hali ya mama, akaambiwa ni ile ile. Akamsihi akirudi asichomee tena dhahabu jikoni. Makoye alisema daktari naye amempigia kumkataza hilo hilo, akauliza kama sasa wameanza kumpangia na kazi yake. Akakata simu.

Alhamisi Makoye alirudi. Deusdedit alibaki Mwanza kitandani kwa mama. Mchana huo huo basi la Shinyanga lilimshusha Mageni, dada yake marehemu baba yao, akiwa na wazee wawili wa ukoo. Mnamjua Mageni, ndiye yule aliyekataa kupokea zawadi za harusi katika sehemu ya tatu. Alisalimiwa shikamoo na Vumilia, akaitikia kwa kuangalia mlango.

Kikao kilifanyika sebuleni, saa tisa, jua likiwa kali. Soda ziliwekwa mezani, hakuna aliyezifungua.

Mageni hakupiga kelele, na hilo ndilo lililotisha. Alisimulia taratibu tangu uyoga ulivyoingia nyumba ile, na wifi yake alivyovimba, na watu walivyoanza kunyang'anywa pakiti zao. Kisha akauliza swali moja.

"Dawa iliyo safi hufukiwa nyuma ya choo?"

Wazee waliguna. Vumilia alikuwa ameketi kwenye mkeka, macho kwenye mikono yake.

Halafu likatokea jambo ambalo hata mimi ninayeiandika hadithi hii sikulitegemea. Makoye alinyanyuka kwenye kochi, akaja akachuchumaa mbele ya mkewe. Alikuwa hajanyoa siku nne. Yale maneno ya wodini yalikuwa yamemrudia njia nzima ya Mwanza kwenda na kurudi, na yalikuwa yamemuuma yeye kuliko alivyotaka.

"Vumilia," alisema, "sema si wewe."

Mageni aligeuka kumtazama.

"Sema tu si wewe. Sitakuuliza ni nani. Nitakuamini, na hawa watanisikia mimi."

Mlango ulikuwa wazi mbele yake. Angesema neno moja angebaki na nyumba yake na mume wake. Lakini baada ya neno hilo Makoye angelala akijiuliza: kama si yeye, ni nani? Na angetafuta, kwa kuwa ni mtu wa kutafuta. Vumilia aliuona uso ule, akamwona mtoto wa miaka kumi na moja amesimama kwenye zizi lililo wazi.

"Ni uyoga wangu," alisema. "Ni uyoga wangu uliomfikisha mama pale."

Makoye akainuka. Hakumpiga wala hakumtukana. Alikwenda kusimama dirishani, akawapa wote mgongo.

Mageni akatoa hukumu. Arudi kwao leo, jua halijazama. Mzee mmoja akaongeza kwamba ni heri aondoke kwa miguu yake wakati mtaa bado unanong'ona, maana mtaa ukianza kusema kwa sauti wao hawatauzuia. Kila aliyekuwa pale alielewa ana maana gani.

Vumilia alifunga begi moja. Doti mbili za vitenge, kandambili, kitabu cha nyimbo, na kikombe cha bati alichokuwa akimnyweshea Mbuke. Alipita sebuleni akawaaga wazee kwa kupiga goti, hakuitikiwa. Dirishani akasimama kando ya mumewe.

"Niahidi kitu kimoja. Usichomee tena jikoni. Chomea nje, mbali na watu."

"Kwa nini?"

"Mama aliniomba nikuambie."

Hilo lilikuwa kweli, angalau kwa nusu yake.  Bodaboda ilikuwa inangoja nje, na Yasmini alikuwa amesimama mlangoni kwake akitazama. Vumilia alipanda, begi mapajani. Kutoka pale mpaka stendi ni dakika kumi.

Hapo ningeweza kuwaacha leo, na mngelala na hasira mpaka wiki ijayo. Lakini kuna kitu kimebaki jikoni.

Wageni walipotoka uani kunawa, Makoye alichukua panga akaenda jikoni. Alitaka kukivunja kile kichanja. Alitaka kukikatakata vipande vipande asikione tena, kwa sababu alikuwa na uchungu na mtu wa kumtolea alikuwa ameshaondoka. Alisukuma mlango. Zile namba za mkaa zilikuwa bado pale, kumi na tisa, kumi na nne, tisa, sita. Akazipita.

Vipande vya mwisho vya uyoga vilikuwa bado kichanjani, vikavu, vimejikunja. Juu yake lile sinia la enameli limefunika. Vumilia alikuwa hajathubutu kulisogelea lile jiko tena. Makoye aliegemeza panga ukutani, akalinyanyua alitupe nje, na lilipogeuka mikononi mwake akaona upande wa ndani.

Halikuwa jeupe tena. Lilikuwa na ukungu wa kijivu, kama kioo kilichohemewa. Alidhani ni masizi. Akapitisha kidole gumba.

Ukungu ule ukajikusanya. Mbele ya kidole chake zikatokea chembe ndogo ndogo zinazong'aa, moja ikaikimbilia nyingine, zikawa moja. Akapitisha kidole tena, sasa taratibu. Akaliinamisha sinia. Kutoka kila upande zile chembe zikateremka, zikakutana ukingoni, zikawa tone moja zito, kubwa kama punje ya mtama, likizunguka zunguka ukingoni bila kuacha alama.

Hakuhitaji daktari amwambie ni nini. Hakuna mtu Kalangalala nzima anayeijua zebaki kuliko Makoye. Kwa miaka kumi na miwili kazi yake imekuwa kuitazama ikipaa, na hata siku moja hakuwahi kujiuliza inatua wapi.

Aliangalia sinia. Akaangalia uyoga uliokuwa chini yake, na jiko chini ya kichanja, kikaango chake kidogo bado kikiwa kimeegemezwa pale pale alipokiacha. Kisha akakiona kigoda cha mama yake, kando ya jiko, kimesogezwa karibu kama mtu anayetaka kusikia vizuri.



Alikumbuka Mbuke akicheka mpaka anakohoa. Alikumbuka jinsi alivyomwambia mama asogee, moto unapendeza. Alikumbuka "mama aliniomba nikuambie", na sasa akaielewa, na akaelewa Vumilia alivyokaa pale mkekani akiangalia mikono yake huku yeye akimsihi aseme neno moja.

Vumilia alikuwa ametimiza ahadi. Hakumwambia.

Makoye alilimimina lile tone kwenye kiganja, sijui kwa nini, labda ili awe na uhakika. Likatulia katikati ya mistari ya mkono wake, baridi na zito. Alitaka kutoka mbio kuelekea stendi. 

Simu ikaanza kulia mfukoni. Aliitoa kwa mkono wa pili, na ndipo alipouona huo mkono wa pili vizuri kwa mara ya kwanza. Ulikuwa unatetemeka, na hakuwa na hasira hata kidogo.

Jina lililokuwa kwenye kioo lilikuwa la Deusdedit. Aliipokea, akaiweka sikioni, akangoja mdogo wake aseme. Deusdedit alikuwa analia tu, akimwita mama yao.